Kava za kelele: Mmarekani, Chase, Pacesetters ama Willy Gamba, uanze na zipi?

Kila ukimwonyesha mtu kava hizi za riwaya za zamani anacheka kwanza, alafu anaitaka. Unazijua: yule dada wa gauni jekundu kaegemea mlango na bastola mkononi, jamaa wa kofia anatokea nyuma na kivuli chake kirefu, maandishi ya njano makubwa kuliko vichwa vyao. Waliozichora walikuwa wanauza kitabu cha bei poa kwa mtu anayekimbilia basi, mambo ya makumbusho hawakuwa nayo kabisa, na saa hii kuna watu wanatafuta kava kuliko hata hadithi yenyewe. Sasa tatizo la mtu wa Kampala ama Jinja ama Mbale ni moja tu, hela ya starehe ni kidogo na rafu ni moja, huwezi kubeba kila kitu, uanze na zipi?

Nimezipanga makundi manne, ndo yale ambayo sisi huku tunaweza kukutana nayo ama kuyatamani kwenye simu:

Mmarekani: michoro ya rangi ya miaka ya 1940 hadi katikati ya 1960, za wachapishaji Signet, Dell, Gold Medal, Popular Library na wenzao.

Chase: riwaya za uhalifu za James Hadley Chase zilizotolewa na wachapishaji Corgi wa Uingereza, hasa zile kava za picha za miaka ya 1970.

Pacesetters na Spear: mifululizo miwili ya riwaya za Kiafrika, Pacesetters wa Macmillan kuanzia 1977, na Spear Books za Heinemann Nairobi kuanzia 1975. Nimeziweka pamoja manake msomaji wao ni mmoja.

Za Dar: riwaya za upelelezi za Kiswahili za miaka ya 70 na 80, zenye wapelelezi wa kubuni akina Willy Gamba na Joram Kiango.

Zile za rangi ya chungwa za African Writers Series, zilizoanza 1962, nimeziacha makusudi. Ni nzuri lakini zina adabu sana, hapa tunaongelea kava zisizo na adabu.

Vipimo ni hivi: kelele yenyewe, mkono uliotengeneza, kava inadanganya kiasi gani, kuipata hapa kwetu, inavyovumilia unyevu wetu, na mwisho kama unaweza kuiacha mezani siku mama mkwe amekuja.

KELELE

Mmarekani ndo baba wa kelele, na kuna sababu. Robert de Graff alipoanzisha Pocket Books mwaka 1939 aliuza kitabu kwa senti 25 na akakipeleka kule magazeti yanakouzwa, maduka ya dawa, stendi za basi, vibanda vya njiani. Mtu anapita, jicho lake unalo kwa sekunde moja, kava isipompigia kelele ameenda. Uingereza Allen Lane alikuwa ameshaanza Penguin mwaka 1935 na mistari yake mitatu mipana ya rangi, picha hakuna, na mzee huyo picha alizikataa miaka mingi. Tawi lake la Marekani likaona hapa bila picha hatuuzi, wakavutana, mwaka 1948 wakaachana na wale wa Marekani wakawa New American Library, yaani wenye Signet. Kwa hiyo Signet yenye dada aliyefungua vifungo viwili ni mtoto wa Penguin aliyetoroka nyumbani. Kelele ikazidi mpaka mwaka 1952 Bunge la Marekani likaunda kamati chini ya mbunge Gathings kuchunguza vitabu na magazeti waliyoyaita machafu, na kava zikawa kwenye kesi.

Chase wa Corgi anapiga kelele tofauti. Pale hakuna mlango wala kivuli wala hadithi, mara nyingi ni mwanamke mmoja, nguo chache, pengine bunduki, na jina CHASE kubwa kuliko jina la kitabu. Picha ya kamera, ngozi inang'aa. Kelele yake ni ya mwili, na ukiweka nyingi pamoja zinachosha haraka, naona niseme ukweli.

Pacesetters ni kelele ya mchezo wa kuigiza. Watu halisi wamevalishwa wakasimamishwa, jamaa wa suruali pana chini na begi la hela, dada wa afro anashangaa, gari limefunguliwa mlango. Unaona kabisa wanangoja mpiga picha amalize. Kuna watu wanaona hiyo ni kasoro, mi naona ndo utamu wenyewe. Spear zimechanganyika, zingine mchoro zingine picha, hazina sura moja.

Za Dar nyingi ni mchoro wa mkono na rangi mbili tatu basi, nyekundu ikishamwagwa kwenye damu inatumika hiyohiyo kwenye jina la kitabu na kwenye midomo ya mwanamke. Zinafanana na mabango ya Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, yale yanayoweka viongozi na vifaru na ndege za vita kwenye karatasi moja bila kuuliza kama vinaingiana.

MKONO

Hapa Mmarekani hana mpinzani, hakuna haja ya kuzunguka. James Avati wa Signet alichora maskini na vyumba vyao vya kupanga kwa mwanga wa ukweli kabisa, kitanda kimebonyea, ukuta umebanduka, ukiondoa maandishi unabaki na mchoro wa kutundika. Robert McGinnis, aliyezaliwa 1926 na kufariki 2025, alitengeneza kava zaidi ya 1,000, na wanawake wake unawajua kwa mbali, miguu mirefu kuliko binadamu wa kawaida, uso umetulia kama mtu anayejua siri yako. Alikuwa anapenda sana tempera, rangi inayochanganywa na kiini cha yai, ndo maana zile nywele na mikunjo ya nguo zina mistari myembamba hivyo. Tafuta kava yake moja uiangalie karibu: uso umemalizwa mpaka kope, lakini kochi alilokalia dada ni brashi tatu nne tu. Alijua jicho lako litatua wapi, hakupoteza muda kwenye kochi.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba kwenye nyingi ya kazi hizi mwanamke yuko nusu uchi na mwanamume amevaa suti kamili na tai, hata kama ni usiku, hata kama ni ufukweni. Ukishaliona hilo hutaacha kuliona tena.

Chase mkono wake ni wa mpiga picha wa studio, kazi safi, lakini kitabu hiki na kile unaweza kubadilisha picha na hakuna atakayejua. Pacesetters mkono uko zaidi kwa aliyechagua nguo na aliyesimamisha watu. Ila kama kumbukumbu ya mavazi, aisee, ukitaka kujua kijana wa mjini wa 1978 alivaaje akitaka kuonekana tajiri, shati la kola pana, kiatu cha kisigino kinene, saa ya mkono imetolewa nje ya mkono wa shati ionekane, ni huko. Za Dar mchoraji mara nyingi hajui mikono, vidole vinakuwa sita ama vinafichwa mfukoni, lakini nyuso zina nguvu na mpangilio wa herufi una ujasiri ambao wale waliosomea hawana.

UONGO

Kava zote hizi zinadanganya, tofauti ni kiasi, na kwangu hiki ndo kipimo kinachoamua zaidi ya vingine manake ladha ya kava iko palepale kwenye pengo kati ya picha na hadithi.

Mmarekani anadanganya kama muuza dawa za mitishamba garini. Walichukua vitabu vya heshima wakavivua nguo. Kuna riwaya moja ya mwaka 1925 kuhusu Helen wa Troy, kitu cha maongezi ya kejeli tu, watu wamekaa wanabishana, mwaka 1948 Popular Library wakamkabidhi Rudolph Belarski akamvalisha Helen kitambaa chepesi kiasi kwamba kava hiyo ni maarufu mpaka leo na waliosoma ndani ni wachache. Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Orwell. Mwaka 1944 George Orwell aliandika makala kali akimsema Chase na riwaya yake ya kwanza ya 1939, kwamba ukatili umezidi, kwamba ladha ya wasomaji inaharibika. Sawa mzee. Januari 1950 akafariki, na mwaka huohuo Signet wakatoa riwaya yake iitwayo "1984" na kava ya kijana mwenye misuli mikono wazi na dada wa kifua kimebanwa na nguo, na maneno ya mapenzi yaliyokatazwa na usaliti juu yake. Yaani aliyelalamikia Chase akaishia kuvalishwa nguo za Chase, na hakuwepo hata kukataa.

Chase mwenyewe ni uongo wa ghorofa mbili. Jina halisi ni René Brabazon Raymond, Mwingereza wa London, Marekani alipita tu, miji ile na wahuni wale aliwatengeneza kwa ramani na kamusi za lugha ya mtaani. Kava nayo haihusiani na hadithi, dada wa picha humkuti ndani. Ajabu ni kwamba hadithi inakimbia kweli, ukianza humalizi chai.

Pacesetters na Spear zinadanganya kidogo tu, begi la hela likiwa nje kwa kawaida ndani kuna hela. Hapo utamu wa pengo haupo sana, unapata utamu mwingine wa kuona watu kama sisi kwenye nafasi ambayo kabla yake ilikuwa ya wazungu wenye bastola. Za Dar ni za kweli kuliko zote, Willy Gamba wa Elvis Musiba tangu 1974 ni mpelelezi, ana bastola, anapenda starehe, na kava inakwambia hivyohivyo bila kuzunguka.

KUIPATA HUKU

Chase ndo rahisi kabisa. Wauza vitabu wa mitumba wa kando ya barabara mjini, wale wanaopanga juu ya turubai, ukikosa Chase hapo basi siku hiyo hujatafuta vizuri. Bei ni ya kuongea, na usionyeshe unaitaka sana, shika kitabu cha hesabu kwanza.

Pacesetters zinatoka kwenye maktaba za shule za zamani, utakuta muhuri wa shule kurasa tatu, mfuko wa kadi nyuma, na majina ya wanafunzi wa zamani wamejiandika na kujiita wafalme. Kwa mkusanyaji wa Ulaya hiyo ni kasoro inayoshusha bei, kwa mimi inaongeza. Angalia tu muhuri wa kuondolewa maktabani upo, usije ukawa umenunua cha watu. Spear unapata pia, na ile ya John Kiriamiti ya 1984 kuhusu maisha yake ya ujambazi imesomwa mpaka ikaisha kava katika nyumba nyingi za huku, lakini ilichapwa tena na tena kwa hiyo soma ukurasa wa ndani ujue toleo lako ni la mwaka gani.

Za Dar zinahitaji mtu. Kampala ni bahati kuziona. Njia inayofanya kazi ni kumtuma anayepanda basi la Mutukula kwenda Bukoba ama anayefika Mwanza au Dar yenyewe, umpe majina ya wahusika, usimwambie tu vitabu vya zamani manake atakuletea vya dini. Vingine vimechapwa upya kwa kava mpya za kompyuta, umwambie hizo hapana.

Mmarekani huku ni nadra, mara mojamoja anajitokeza kwenye maboksi ya misaada. Vinginevyo ni mtandaoni, na hapo kitabu kinaweza kuwa cha bei ndogo alafu usafiri ukakizidi mara kadhaa na ushuru ukangoja mbele. Njia ya kati ipo: Hard Case Crime, walioanza 2004, wanatoa hadithi za aina hii kwa kava zilizochorwa upya kwa mtindo uleule, na McGinnis mwenyewe aliwachorea kadhaa uzeeni. Si za zamani lakini mkono ni uleule.

KUVUMILIA

Wote wanne wametengenezwa wafe. Karatasi ni ya mbao yenye asidi, inageuka manjano alafu kahawia alafu inakatika ukiikunja, na mgongo ni gundi bila uzi, ikikauka kurasa zinatoka mojamoja. Mmarekani ndo mzee kwa hiyo ndo dhaifu. Zile Pocket Books na Dell za zamani zina utando mwembamba wa plastiki juu ya kava ambao unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua, usiuvute, utaondoka na mchoro. Corgi za 70 zina nafuu. Pacesetters tatizo lao ni mikono ya wanafunzi, mgongo umevunjika katikati karibu kila mara. Za Dar inategemea sana, zingine zilichapwa kwenye karatasi mbaya mno.

Kwetu adui ni watatu: unyevu wa ziwa, jua na wadudu. Miezi ya mvua usiweke vitabu vikigusa ukuta wa nje. Jua linakula nyekundu kwanza, alafu njano, linabakiza bluu, ndo maana kava iliyokaa dirishani dukani dada wake anageuka rangi ya maiti. Mende na wadudu wa karatasi wanapenda gundi, mchwa hawachagui. Tumia mifuko laini ya plastiki isiyobana, weka vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye boksi la viatu, na seloteipu usiiguse kabisa, ikizeeka inaacha doa la kahawia ambalo halitoki tena.

MAMA MKWE

Chase hapana. Mgeuze aangalie ukuta. Mmarekani inategemea, Avati anapita kama mchoro wa kawaida, Belarski atakuletea kikao cha familia, na kuna kava za wanawake wanaopigwa ama kufungwa kamba ambazo mimi siziweki hata nikiwa peke yangu. Pacesetters wanakaa mezani bila shida, tena mama mkwe anaweza kukuambia alikisoma akiwa sekondari na mazungumzo yakaanza hapo. Za Dar ni kiasi, mwaka 1976 Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vya Comb Books vya David Maillu wa Kenya kwa uchafu, na waandishi wa Kiswahili hawakwenda mbali kama yeye, kava zao ni damu kuliko ngozi.

SASA WEWE NI NANI

Kama unapenda mchoro wenyewe, unachora au unasomea kuchora, weka hela kwa Mmarekani, hata kimoja kwa mwaka. Chagua msanii kwanza, kitabu baadaye, na kabla ya kulipa muombe muuzaji picha ya mgongo na ya kona zote.

Kama unataka kusoma ndani ya teksi na kava iwe nyongeza, Chase. Vikichanika unanunua vingine.

Kama ulisoma shule miaka ya 80 ama 90 na unatafuta kile ulichoibiwa chini ya dawati, jibu unalijua tayari, ni Pacesetters, na utafurahi zaidi ukikipata chenye majina ya watu ndani kuliko kisafi.

Kama unakusanya kwa akili ya baadaye, yaani kitu ambacho wengine hawana, za Dar. Dunia nzima inakusanya Mmarekani na ina vitabu vya mwongozo vya kazi hiyo, za Dar zinafungiwa vitumbua wakati tunaongea. Ukipata toleo la kwanza lenye kava nzima usibishane sana na bei.

Kama una watoto wadogo nyumbani na rafu iko chini, Pacesetters na Spear kadhaa, hao wengine watangoja rafu ya juu.

Na kama we una mgahawa ama saluni unataka ukuta wa kuvutia wateja, usikate kava, nakuomba. Changanya makundi yote manne, piga skani, nakala halisi zirudi kwenye mifuko yake, peleka faili Nasser Road wakuchapie kubwa. Kaa hapohapo wakati inachapwa na umwambie fundi asiongeze rangi, manake ukiondoka ataongeza.